Mama Mkwe Alivyoinyoosha Ndege Yangu

Ndege yangu ya kwanza niliipata ikiwa vipande vinne ndani ya kiroba cha unga.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi hapa Mtwara mjini, na kazi hiyo hunipeleka sana kwenye nyumba za wageni, maana hewa ya chumvi ya kwetu haina huruma na vyuma. Siku hiyo nilikuwa juu ya ngazi, nasafisha kiyoyozi cha chumba ambacho mgeni mmoja wa shughuli za gesi alikihama asubuhi ile. Mwenye nyumba, mama mmoja mchangamfu, akaingia amekishika kiroba kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya aliyekufa.

"Fundi, ukishuka unitupie hiki. Mgeni kasema ni takataka."

Nilishuka nikakifungua. Ndani mlikuwa na bawa refu la lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya runinga, limekatika katikati. Mlikuwa na mkia, na kiwiliwili chenye mota ndogo puani na nyaya zinazoning'inia. Chini kabisa palikuwa na rimoti nyeusi yenye vijiti viwili.

"Hii ni ndege," nilimwambia.

"Naona. Imekufa."

"Naweza kuichukua?"

"Chukua, baba. Mimi nilitaka itoke tu humu ndani."

Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, nina mke na watoto wawili wa kike, na uani kwangu, Magomeni ya hapahapa Mtwara, kulikuwa na friji tatu za watu zikinisubiri. Lakini jioni ile friji hizo hazikuguswa. Niliketi kwenye kigoda nikaunganisha vipande vile kwa gundi, nikalehemu nyaya mbili zilizokatika, nikatia betri niliyoitoa kwenye mashine mbovu ya kutobolea ukuta. Niliposukuma kijiti cha kushoto, mota ikalia na upepo wake ukapeperusha unga wa mke wangu uliokuwa kwenye ungo. Mke wangu aliuvuta ungo mbali nami.

"Sasa hiyo ni ya nani?" aliuliza.

"Yangu."

"Ya kufanyia nini?"

Hadi leo jibu nililo nalo halimtoshelezi mtu asiyeipenda kazi hii. Ni ya kurusha. Ikianguka, ni ya kutengeneza. Ikishatengenezeka, ni ya kurusha tena.

Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, vifurushi vikiisha naazima simu ya mke. Povu nililipata bure, kwa kuwa kila friji mpya inayofunguliwa hapa mjini hunipitia mimi, na maboksi yake yana vipande vikubwa visafi. Vyuma vyembamba vya kuvutia usukani nilivitoa kwenye spoku za baiskeli. Nilijifunza kwamba betri za aina ile hazipendi kuachwa zimejaa wala kuachwa tupu, na kwamba joto letu huzivimbisha kama maandazi. Nilijifunza kuipima ndege kwa kuiweka juu ya vidole viwili chini ya mabawa: ikiinamisha pua kidogo ni salama, ikiinamisha mkia itaanguka na kukuvunja moyo.

Kitu kimoja sikukijua sababu yake. Ndege yangu ilikuwa haiendi moja kwa moja. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa nikamweleza ninachotaka kufanya, akanionyesha eneo la wazi nje ya mji, mbali kabisa na uwanja wa ndege za kweli, akaniambia nisiirushe juu sana wala juu ya nyumba za watu. Nikafuata. Kila Jumapili asubuhi nilikuwa pale, na kila Jumapili ndege ilipanda vizuri, kisha ikaanza kuegemea kushoto, kushoto, kushoto, mpaka ikachora duara na kuingiza pua kwenye mchanga. Ilianguka mara kumi na mbili. Nilibadilisha mota. Nilibadilisha vile vimota vidogo vinavyovuta usukani, ambavyo sisi tunaviita sevo. Nilibadilisha hata propela. Ikaendelea kwenda kushoto, na bawa likaendelea kuvalishwa selotepu pana juu ya selotepu pana kila lilipovunjika.

Hali ilikuwa hivyo mama mkwe alipokuja.

Inabidi nieleze kidogo juu ya mama mkwe. Mke wangu ni Mmakonde wa huko Nanyamba, na mimi ni mtu wa Mikindani. Kwetu mkwe huheshimiwa. Kwao heshima hiyo ina uzito zaidi. Tangu nioe, miaka kumi na moja ilikuwa imepita, na maneno niliyokuwa nimesema na yule mama yalikuwa shikamoo, nashukuru, na karibu tena. Akiwa barazani mimi nilizunguka kwa upande wa choo. Nikiwa uani yeye alibaki ndani. Hatukuwa na ugomvi wowote. Ndivyo ilivyotakiwa, na nadhani sote wawili tuliona ni rahisi zaidi hivyo.

Alikuja kwa ajili ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na la kulia lilikuwa limeziba kiasi kwamba mwaka huo hakuweza kuokota korosho zake mwenyewe. Alikuwa akizipapasa kwa mguu kama mtu anayetafuta kandambili gizani. Alifanyiwa upasuaji wa jicho hilo la kulia, na kesho yake alipofunguliwa bandeji, mke wangu aliniambia, mama alimtazama daktari akasema, "Kumbe wewe ni kijana hivi," kisha akatazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza na kuigeuza.

Daktari alimpa miwani myeusi na masharti. Asiiname. Asibebe kitu kizito. Asikae kwenye moshi. Arudi baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Kwa mwanamke aliyelima tangu utoto, masharti hayo yalikuwa kama kufungwa kamba. Hakuweza kupika, hakuweza kufagia, hakuweza kutwanga. Siku ya tatu alitoka ndani, akavuta mkeka, akaketi kwenye kivuli cha ukuta uani, hatua nne kutoka pale nilipokuwa nimeketi na bawa langu magotini. Nilisimama ili nimpishe. Mke wangu, aliyekuwa anachagua mchele katikati yetu, akasema, "Kaa. Mama amechoka kukaa ndani. Uani ni kwa wote."

Nikakaa, nikainamisha kichwa, nikaendelea kubandika selotepu. Kisha mama mkwe akamwambia binti yake:

"Mwambie mumeo hiyo selotepu anaivuta upande mmoja."

Mke wangu akageuka. "Mama anasema selotepu unaivuta upande mmoja."

"Mwambie Mama nashukuru. Lakini ikivutwa ndiyo inakaza."

"Anasema ikivutwa ndiyo inakaza."

"Mwambie inakaza, ndiyo. Inakaza huku, kule inalegea. Amelipinda bawa lake mwenyewe."

Mke wangu akafungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimeshasikia. Nilimwomba amwambie Mama kwamba bawa halijapinda, nimelipima kwa rula. Akamwambia. Mama mkwe akasema rula haioni kitu. Alinyoosha mkono, na mke wangu akapokea bawa kwangu akampa. Yule mama akavua miwani myeusi, akafumba jicho bovu, akaliinua bawa mpaka usawa wa jicho jipya, akaangalia kutokea ncha hii mpaka ncha ile, kama mtu anavyoangalia mpini wa jembe kabla ya kuununua.

"Limejikunja," alisema. "Upande huu wa kushoto, nyuma, limeinuka. Mwambie aangalie."

Nikaangalia. Nililishika kama alivyolishika yeye, nikafumba jicho moja kama alivyofumba yeye. Na lilikuwa limepinda. Siyo sana, unene wa kucha, lakini kutoka katikati hadi ncha ya kushoto bawa lilikuwa linajizungusha polepole kama ukanda uliosokotwa. Selotepu zote nilizozivuta kwa nguvu miezi ile zilikuwa upande wa juu, na zote zilikuwa zinavuta. Nilikuwa nimenunua mota mpya kwa kosa la mkono wangu.

"Mwambie Mama," nilianza.

Mke wangu alinyanyuka, akakung'uta kanga. "Mimi naenda sokoni. Hapa ni hatua nne, mtasikilizana."

Akachukua kikapu na kuondoka. Mlango wa ua ukafungwa. Nilitazama bawa. Mama mkwe alitazama ukuta. Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni na halikuwa la jua.

"Baba," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Naam, Mama."

"Ukisuka nkeka, unaanzia katikati. Ukianzia pembeni unakwenda upande." Lafudhi yake ni ya Kimakonde, mkeka kwake ni nkeka na mtu ni ntu. "Toa hizo selotepu zote. Uanze upya, katikati, huku na huku. Na ukibandika juu, geuza, ubandike chini, mvuto uleule."

"Sawa, Mama."

"Lete nikushikie."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Tuliibandua selotepu yote, mkanda mmoja mmoja, tukalilaza bawa juani juu ya ubao wa mlango wa friji na kulikandamiza kwa matofali mpaka likanyooka. Kisha tukaanzia katikati. Yeye alishika, mimi nikabandika, na kila nilipotaka kuvuta kwa nguvu alisema "polepole" bila kuinua macho. Mke wangu aliporudi na dagaa wake alitukuta tumeshika bawa moja, akapita bila kusema kitu, lakini kutoka jikoni nilimsikia akijichekea.

Wiki iliyofuata mama mkwe alihamia kwenye mkia. Usukani wa ndege ndogo hupindishwa kwenye mshono, pale kipande kinachotembea kinapokutana na kile kisichotembea, na mimi mshono huo niliufanya kwa selotepu. Kwa joto na unyevu wa kwetu gundi yake hulegea. Baada ya wiki mbili usukani hucheza kama jino la mtoto. Mama mkwe aliutikisa kwa kidole.

"Hiki kinashonwa," alisema.

"Povu halishoniki, Mama. Uzi unalikata."

"Unalikata ukishona kwa haraka."

Aliomba sindano na uzi mwembamba wa nailoni, ule wa kushonea nyavu. Nilivileta. Aliishika sindano juu, akaielekeza kwenye mwanga wa mbingu, akalamba ncha ya uzi na kuupitisha tunduni mara ya kwanza. Kisha akauchomoa, akaupitisha tena. Akauchomoa, akaupitisha mara ya tatu. Nilidhani kuna tatizo.

"Hapana," alisema. "Nafurahi tu. Miaka minne nimekuwa naomba watoto wa watu wanitungie uzi."

Alishona usukani kwa mishono inayopishana, mmoja ukipita juu ya kipande hiki na chini ya kile, unaofuata kinyume chake, akaacha nafasi ndogo sana katikati. Alipomaliza niliuchezesha kwa kidole. Ulikwenda juu na chini laini kabisa, na haukuyumba hata kidogo. Baadaye niliona kwenye video ya mzungu mmoja kwamba mafundi wa zamani wa ndege hizi walishona vivyo hivyo. Nilimwonyesha. Alitazama mishono ya yule mzungu kwa makini akasema mkono wake siyo mbaya.

Daktari alipomruhusu kutembea mbali, niliazima pikapu ya kubebea friji kwa rafiki, tukaenda Msimbati sote, mke wangu na watoto wakiwa nyuma na mama mkwe mbele kwenye kiti, ndege imelala magotini pake ndani ya kanga. Nilichagua Msimbati kwa sababu maji ya Ghuba ya Mnazi yakipwa mchanga huwa mpana na mgumu kiasi cha gari kupita juu yake. Tuliripoti kwanza ofisi ya kijiji, tukaambiwa tukae upande wa kusini ambako hakukuwa na watu wala vyombo. Asubuhi ilikuwa tulivu. Nilikagua kila kitu mara mbili: betri, propela, usukani kushoto, usukani kulia. Mke wangu ndiye aliyeirusha kwa mkono, akikimbia hatua tatu na kuisukuma mbele kama nilivyomfundisha.

Ikaenda. Nilisubiri ianze kuegemea kushoto, vidole vyangu vikiwa tayari kuizuia kwa mazoea, na vidole vile vilisubiri bure. Ndege ilikwenda mbele, nyoofu, juu ya mchanga uliolowa, kivuli chake kikiifuata chini. Niliachia kijiti kabisa. Bado ilikwenda nyoofu. Niligeuza, ikageuka, niliinyoosha, ikanyooka. Sijui niwaelezeje wasiowahi kutengeneza kitu kwa miezi na kukiona kinakubali. Nilimwangalia mama mkwe. Alikuwa amevua miwani myeusi, ameweka kiganja juu ya paji la uso, na kichwa chake kilikuwa kinaigeukia ndege kila ilipokwenda.

"Naiona," alisema. "Hata ikiwa kule mbali, naiona. Naona na ule uzi mwekundu mkiani."

Hakukuwa na uzi mwekundu ninaoujua mimi. Kumbe aliushona yeye, fundo dogo, ili ajue ndege ni yetu.

Furaha ile ilinilevya, nikaipeleka mbali kuliko kawaida. Mwewe mmoja alitokea upande wa minazi, akaizunguka mara moja, akaishambulia kutoka juu. Nilishtuka nikaigeuza irudi kwangu. Hapo ndipo penye mtego wa mchezo huu: ndege ikija kukuelekea, kushoto kwake kunakuwa kulia kwako. Nilisukuma kijiti upande usio sahihi, na ndege ikajilaza ubavu, ikateleza taratibu, ikaingia baharini kwenye maji ya kufika magotini. Mwewe alipita juu yake mara moja akaenda zake.

Nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sikuitambua. Nilidhani ni mtu mwingine amefika. Ilikuwa mama mkwe anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mke wangu akamwambia, "Mama, jicho, daktari kasema," naye akasema daktari hakukataza kucheka. Nilikuwa nimesimama na rimoti mkononi, nimetahayari, halafu nikajikuta na mimi nacheka, na watoto nao, tukasimama pale ufukweni watu watano tunacheka kama waliopagawa.

Niliingia majini nikaitoa. Kitu cha umeme kikinywa maji ya bahari adui si maji, ni chumvi, kwa hiyo sikuiacha ikauke. Nilichomoa betri kwanza. Tuliomba dumu la maji ya kisima kwenye nyumba ya karibu, tukaiosha mota na nyaya zote palepale mpaka ulimi wangu ukawa hauonji chumvi tena. Nyumbani niliosha kwa spiriti, nikaanika kwenye hewa siku mbili, nikatia tone la mafuta ya cherehani kwenye mhimili wa mota. Vyote viliamka isipokuwa sevo moja. Mishono ya mama mkwe haikuhitaji chochote.

Miezi miwili baadaye alirudi kwao, na jicho la pili nalo likiwa limeshafanyiwa upasuaji. Tulimsindikiza mwisho wa wiki. Ndege ilikwenda nasi, safari hii bila hata kujadiliwa. Yeye mwenyewe aliifunga kwenye mkeka.

Nanyamba mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, ile harufu yake tamu nzito imejaa kila mahali, na majani yalikuwa na vumbi la salfa, dawa ya mikorosho, iliyopulizwa siku chache nyuma. Nyuma ya nyumba yake kuna shamba alilokuwa amelipumzisha, uwazi mkubwa wenye majani mafupi, mihogo upande mmoja na mikorosho pande tatu. Habari zilienea. Mpaka saa kumi alasiri majirani walikuwa wamejaa, akina mama wengi wamekaa kwenye mikeka na kula ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayopendwa kwetu, kama waliokuja harusini. Niliirusha, nikafanya mizunguko mitatu salama, nikaitua kwenye majani. Walipiga vigelegele. Jirani yake mmoja, bibi wa umri wake, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Na wewe nawe unasema umeitengeneza. Umeitengeneza, mbona anaendesha nkwe wako?"

Mama mkwe akainuka mkekani. Alikuja mpaka nilipo, akasimama karibu nami mbele ya watu wote wa kijiji chake, akanyoosha mikono miwili.

"Baba, nipe."

Nilimpa. Mikono yangu ilibaki karibu na yake bila kuigusa. Nilimwelekeza kijiti cha kushoto ni nguvu, cha kulia ni kugeuza na kupandisha. Nilimwambia kwamba kugeuza anageuza kidogo tu na kurudisha. Kisha nikafika kwenye lile lililoniangusha mimi Msimbati.

"Ikiwa inakuja kwako, Mama, kushoto kunakuwa kulia."

Alifikiri kidogo. "Kama kunsuka ntu anayekutazama."

"Vipi?"

"Ukinsuka ntu amekaa mbele yako anakutazama, upande wake wa kulia ni kushoto kwako. Tunasuka hivyo kila siku." Akanitazama kana kwamba nimemweleza kwamba maji yanalowesha.

Mke wangu aliirusha. Ndege ilishuka kidogo, watu wakaguna, kisha mama mkwe akasukuma kijiti cha kushoto kwa dole gumba na ikapanda. Ilipanda sana. "Punguza, Mama," nilisema. Akapunguza. Ilifika juu ya mikorosho, akaigeuza, kidogo, akarudisha. Ikageuka. Ikaja kutuelekea, vidole vyangu vikajipinda hewani upande usio sahihi, na vidole vyake vikaenda upande ule uliotakiwa bila hata kusita. Akazunguka tena. Na tena. Hakutabasamu, mdomo ulikuwa umebana na ulimi umetokeza pembeni kidogo, kama siku ile ya sindano. Akina mama kwenye mikeka walikuwa wameacha kula. Nilimwangalia mke wangu upande wa pili wa shamba. Alikuwa ameshika kanga mdomoni na macho yamejaa.

"Sasa inashukaje?" mama mkwe aliuliza.

Hilo nilikuwa sijalifikia. Nilimwambia apunguze nguvu polepole na aielekeze kwenye majani. Alipunguza, lakini aliielekeza kwenye mihogo, kwa sababu, alieleza baadaye, mihogo ni laini na ni yake. Ndege iliingia kwenye majani ya mihogo kwa sauti kama ya mtu anayekunja mwavuli.

"Imekufa?" aliuliza yule jirani.

"Imelala," alijibu mama mkwe, akanirudishia rimoti, akaenda kuitoa mwenyewe.

Ncha ya bawa la kulia ilikuwa imemeguka na propela imevunjika. Aliikagua hapohapo shambani, kwa jicho moja kisha jingine, majirani wamemzunguka, akawaeleza kila kipande kinaitwaje na kinafanya nini. Alikuwa anajua vyote. Nilijaribu kusaidia kwenye mambo ya umeme, akanipisha niseme kidogo, kisha akaendelea.

Niliporudi mjini sikurudi na ndege ile. Aliniomba niiache kwake, nami nilikuwa nimeshaanza kuchora nyingine, kubwa zaidi, kwenye povu la friji ya milango miwili. Nilimwachia chaja, betri mbili na propela nne, nikamfundisha kuzihifadhi betri kwenye chungu kikavu mbali na nyasi za paa.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mwezi uliopita, nilikuta ameshaivunja na kuitengeneza mara nyingi kuliko alivyokuwa ameniambia kwenye simu. Selotepu ilikuwa imemwishia. Mkia mzima alikuwa ameushikisha kwa utomvu wa mkorosho, ule unaotoka kwenye gome na kugandamana kama kioo cha rangi ya asali, na juu yake akazungusha ukili mwembamba, ule wa kushonea mikeka, alioupaka rangi ya zambarau. Ilikuwa kazi nadhifu mno. Niliiweka ndege juu ya vidole viwili, na mkia ukaanguka chini mara moja. Utomvu ule ni mzito.

"Kuna kasoro?" aliuliza.

"Hakuna, Mama. Pua tu imekuwa nyepesi."

Nilitafuta misumari miwili ya inchi tatu kwenye kopo lake la misumari ya bati, nikaifunga puani chini ya mota, nikapima tena. Pua iliinama kidogo, kama inavyotakiwa. Tukatoka nayo shambani, yeye mbele na rimoti, mimi nyuma nimebeba ndege, na jua lilikuwa bado liko juu.